Mkono wa Kwanza wa Rangi

Iko nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu wenyewe bado hawajakubaliana nalo. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Na akiona jambo la huko linafanana na la kwao, basi ni bahati mbaya tu, tena bahati mbaya ambayo watu wa pande zetu tumeshaizoea.

Katika nchi hiyo watu hawaulizwi maoni yao. Inayoulizwa ni milango. Desturi hii ilianza zamani, enzi za mtawala mmoja aliyekuwa kiziwi wa sikio moja na ambaye hakuliamini sana lile lililobaki. Aliamuru kila mwenye nyumba apake mlango wake rangi ya upande anaoutaka, ili yeye apite juu ya farasi, asome, arudi kula. Mtawala alikufa, farasi alikufa, desturi ikabaki. Hadi leo ipo Idara ya Usomaji wa Milango, yenye jengo la ghorofa nne. Jengo lenyewe halina mlango wa mbele, ili lisionekane lina upande, kwa hiyo watu huingilia jikoni.

Vyama vilikuwa viwili. Chama cha Ungo, ambacho rangi yake ni njano, kiliamini kwamba uchafu wa nchi utatoka kwa kupepetwa. Chama cha Chekeche, ambacho rangi yake ni zambarau, kiliamini kwamba utatoka kwa kuchekechwa. Kwa tofauti hiyo watu walinuniana, wengine wakatalikiana, na mtaa mmoja ukagawa kisima katikati kwa ukuta.

Mtaani Tegemeo aliishi fundi rangi aitwaye Mbaruku. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu mlango wake mwenyewe mara nyingi hadi akaujua. Alisema taratibu, alitembea taratibu, na alikuwa na daftari alimoandika kila mlango aliowahi kuushika: ni mti gani, umepakwa mikono mingapi, kila mkono umekauka kwa siku ngapi. Ukimuuliza kama mtu fulani ni mbaya, alijibu, "Bado sijamfahamu vizuri," hata kama mtu huyo wamekaa jirani miaka thelathini.

Katika daftari hilo kulikuwa na ukurasa mmoja ambao haukukamilika.

*

Ukurasa huo ulikuwa wa rafiki yake, Shaibu, mshona viatu. Wiki ya uchaguzi Shaibu alikuwa amechongesha mlango mpya wa mvule. Mtaa wa Tegemeo wote ulikuwa wa Chekeche, na Shaibu alikuwa Chekeche tangu ujana wake, kwa hiyo aliagiza zambarau. Siku hiyo ya Jumatatu mkewe, Bi Mwanakheri, alikuwa kwa dada yake, ng'ambo ya mto.

"Mbao mpya hunywa rangi," Fundi Mbaruku alimweleza. "Lazima nipige mkono wa kwanza wa rangi nyepesi, ukauke, ndipo zambarau ije juu."

Rangi nyepesi kwa kawaida ni nyeupe. Lakini nyeupe ilikuwa imekwisha nchi nzima, vyama vyote viwili vimeinunua kuandikia ahadi ukutani. Fundi alibaki na nusu kopo la njano.

"Njano chini, zambarau juu," alisema. "Itang'aa."

Shaibu akacheka. "Utaniponza wewe. Watu watasema nimehamia Ungo."

"Siku mbili tu."

"Kesho haiwezekani?"

"Kesho haitakuwa imekauka. Ikija kubabuka utanilaumu."

"Haya," Shaibu alisema. "Wewe ndiye fundi."

Jumatano saa nne asubuhi matokeo yalisomwa redioni. Ungo kilikuwa kimeshinda kwa milango mia tatu na kumi na miwili. Vijana wa Chekeche wakatoka na mapanga kuitafuta milango ya njano, na mtaani Tegemeo ulikuwa mmoja tu. Shaibu alitoka nje mikono juu, akaanza kueleza. Alieleza habari za mkono wa kwanza na mkono wa pili, za mbao mpya na kunywa rangi. Katika lile kundi hapakuwa na mtu aliyejua mambo ya rangi.

Mlango ulipigwa mapanga saba. Aliyopigwa Shaibu hayakuhesabiwa, kwa kuwa desturi ya nchi ni kusoma milango.

Fundi Mbaruku alifika alasiri, kama alivyoahidi, na kopo la zambarau mkononi na brashi aliyoifunga kwa karatasi isiingie vumbi. Alisimama. Kisha akarudi nyumbani. Kwenye daftari paliandikwa: *Shaibu. Mvule. Mkono wa kwanza, njano, siku mbili.* Mstari wa chini yake aliuacha wazi.

Hakumweleza mtu yeyote. Bi Mwanakheri aliporudi na kukuta mlango wa njano, alielewa alivyoelewa. Siku ya arobaini alimwambia Fundi, akikunja mikeka, "Shemeji, miaka ishirini na sita nimelala na mtu na kumbe chama chake hakuniambia. Alinificha nini kingine?"

Fundi alifungua mdomo. Halafu akausaidia mkeka kukunjika.

*

Siku tatu baada ya arobaini hiyo, mitaa mingine bado inazoa majivu, wakuu wa vyama viwili walitokea kwenye baraza ya Ikulu wameshikana mikono.

"Tumekaa, tumetafakari," alisema Mheshimiwa Gwandumi wa Ungo, "tukagundua kwamba ungo na chekeche vyote ni vyombo vya jikoni."

Makofi.

"Tena vyote ni vya mviringo," aliongeza Mheshimiwa Nyangalio wa Chekeche, na yasemekana mabalozi wawili walitoa leso.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Serikali ya Mseto. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa wa pili, mmoja aliitwa Rais wa Kwanza, na mwenzake akaitwa Rais wa Kwanza Vilevile. Kila wizara ilipewa mawaziri wawili na kiti kirefu kimoja. Kila kitu kiligawanywa nusu kwa nusu. Magari ya serikali yalikuwa arobaini na moja, yakagawanywa ishirini kwa ishirini. Lile moja, ambalo halikuwa na injini, liliangukia Ibara ya Tisa ya Mkataba wa Mseto, isemayo: *Kitakachobaki baada ya kugawanya ni cha wananchi, ambao ndio mshirika wa tatu.* Likawekwa katikati ya mzunguko wa barabara kuu, na wananchi wakaruhusiwa kulitazama siku za kazi.

Palibaki tatizo moja. Wakuu walikuwa wamepatana, lakini milango bado ilikuwa inagombana, huu njano, huu zambarau.

"Wananchi wamebaki nyuma," alisema redioni Waziri wa Umoja kutoka Ungo.

"Nyuma kabisa," alisema Waziri wa Umoja kutoka Chekeche.

Ikatoka amri. Ndani ya siku thelathini kila mlango upakwe Rangi ya Maridhiano, yaani njano na zambarau zilizochanganywa sawa kwa sawa. Ndoo ya kwanza ilichanganywa uwanjani mbele ya umati. Ilichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri, maana kila waziri aliogopa ya kwake kutangulia ndani ikaonekana imelaliwa na ya mwenzake. Mwishowe walimimina kwa filimbi ya refa wa mpira. Watu wakasogea kutazama kilichopatikana. Upesi bendi ikaamriwa ipige.

*

Kibandani kwa Fundi Mbaruku kulijaa watu na milango yao waliyoing'oa kuileta.

"Fundi, hii rangi yenyewe inaitwaje?"

"Maridhiano."

"Mbona naona tope?"

"Usiseme tope," mwingine alimwonya. "Idara imekataza neno hilo hadi masika yapite."

"Basi kama uji wa ulezi uliolala."

"Huo sawa. Uji haujakatazwa."

Wakacheka, lakini kicheko cha huko siku hizo kilikuwa kifupi. Mama mmoja mkaanga mihogo, aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, alisema, "Mimi mseto siukatai. Wakipatana wao, sisi tutalala. Ila nilitaka mtu mmoja aniambie, walikuwa wakigombea nini?"

"Kupepeta na kuchekecha, mama."

"Na sasa?"

"Sasa tunasagwa tu, hatuchambuliwi."

"Mimi mkono huu ulivunjika kwa ajili ya Nyangalio," alisema mwanamume mmoja, akiuonyesha ulivyopinda. "Nilimbeba begani, jukwaa likaanguka. Juzi gazetini namwona anamlisha Gwandumi keki. Keki! Na kijiko kile kile anakilamba yeye."

"Ulitaka wapigane?"

"Sikutaka wapigane. Nilitaka waone haya kidogo."

Mtu mmoja akageuka. "Na wewe Fundi? Tangu asubuhi unakoroga tu. Maoni yako ni yapi?"

"Bado nasubiri ikauke," alisema Fundi.

Aliyecheka zaidi hapo alikuwa Tindo, kijana wa miaka ishirini na kitu, muuza maji wa mkokoteni, mwenye maneno kuliko redio. Tindo ndiye aliyekuwa akiiga sauti za marais wawili, mmoja akimkaribisha mwenzake apite kwanza chooni. Lakini watu walipopungua alisogea karibu na Fundi, akasema chini chini, "Ule wa Bi Mwanakheri utaupaka lini?"

"Sijajua."

"Paka, Fundi. Paka hata mikono mitatu. Pale palivyo si pazuri. Mtu akipita anaona."

Fundi alimtazama. Kila asubuhi, tangu ile Jumatano, Tindo alimpelekea Bi Mwanakheri madumu mawili ya maji ambayo hakuyaagiza. Aliyaweka ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha, akaondoka. Upande wa mlango hakupita kamwe. Fundi alikuwa ameliona jambo hilo, na kama kawaida yake hakulitolea hukumu.

*

Siku ya ishirini na saba Fundi alikwenda kwa Bi Mwanakheri na kopo. Bi Mwanakheri alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele, mgongo wake umeegemea mlango wa njano. Mapigo saba yalikuwa juu ya kichwa chake, mengine marefu kama kiganja.

"Kopo hilo unalipeleka wapi, shemeji?"

"Zimebaki siku tatu."

Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nisomee tena."

Fundi akasoma. "*Tume ya Kuchunguza Yaliyotokea inawapa pole wote waliopatwa na yaliyotokea, na inawaagiza wasiguse kitu chochote hadi Tume itakapofika kukiona.*"

"Wasiguse kitu chochote," Bi Mwanakheri alirudia. "Sikusoma, ila hilo nalielewa. Waje waone. Mimi sitaki kufungisha mtu, sura za watu sikuziona. Nataka waje wasimame hapa, waweke kidole humu, waseme haya yalitokea. Wakishasema, paka rangi unayotaka, hata ya bendera."

"Nitakwenda Idarani niulize."

"Nenda. Na shemeji..." Alirudi kwenye mchele. "Waulize na kama kwenye vitabu vyao vya chama jina lake limo upande wa Ungo. Nijue tu."

Fundi akachukua ile karatasi, akaondoka na kopo lake, na njia nzima lilimlemea.

Idarani aliingilia jikoni, akapanda ghorofa ya tatu. Palikuwa na meza moja na makarani wawili, wa Ungo na wa Chekeche, wenye kalamu moja waliyopokezana kila baada ya neno.

Fundi alizitandaza zile amri mbili, akauliza kwa sauti yake ndogo, "Hii inasema asiguse. Hii inasema apake. Afuate ipi?"

"Asiguse," alisema karani wa Ungo.

"Apake," alisema karani wa Chekeche.

"Zinapingana, waheshimiwa."

"Zingepingana zamani," alisema wa Ungo kwa upole. "Sasa tuna mseto. Atafuata zote."

"Na asipopaka?"

Wa Chekeche alivuta kitabu. "Mlango usiosomeka, nyumba yake inafutwa kwenye rejista. Nyumba isiyo kwenye rejista haina wakazi."

"Na isiyo na wakazi haikufiwa," aliendeleza mwenzake.

"Na isiyofiwa, Tume itaiendeaje? Itapotea njia."

Fundi aliyapanga maneno hayo kichwani moja baada ya jingine, kama alivyopanga brashi zake. Akipaka, Tume itakuja na haitaona. Asipopaka, kitu cha kuona kitakuwapo na Tume haitakuja. Akashukuru, akashuka, akatoka kwa njia ya jikoni.

Habari za jina la Shaibu vitabuni hakuuliza. Jibu alikuwa nalo.

*

Siku ya ishirini na tisa, Fundi Mbaruku aliung'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ulikuwa umeshapakwa Maridhiano, mikono miwili, maana aliutumia kama mfano wa kuwaonyesha wateja. Akaubeba mgongoni hadi kwa Bi Mwanakheri. Akafungua bawaba za mlango wa njano, akaufunga wa kwake mahali pake, akachonga kidogo upande wa juu uingie. Ule wa njano akauzungushia jamvi, akauegesha kibandani kwake nyuma ya milango mingine. Mtu akitaka kuficha mlango, mahali pazuri ni kwa fundi wa milango.

"Na kwako?" Bi Mwanakheri aliuliza.

"Nimetundika gunia."

"Shemeji, watakufuta."

"Wataniandika tena," alisema Fundi, ingawa hakuwahi kusikia mtu aliyeandikwa tena.

Kesho yake wasomaji walipita. Makarani wale wale wawili walisimama mbele ya nyumba ya Bi Mwanakheri, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaandika. Walipofika kwa Fundi walilitazama gunia mbele na nyuma.

"Hili halina rangi," alisema wa Ungo.

"Halina hata pa kupaka," alisema wa Chekeche.

"Lakini mimi nipo," alisema Fundi, akichungulia ubavuni mwa gunia. "Jana mmenipa salamu."

"Tulikupa. Leo ni siku ya kusoma."

Wakapiga mstari, mmoja akianzia kushoto, mwenzake akimalizia kulia. Jioni redio ilitangaza kwamba maoni ya wananchi yamesomwa nchi nzima, na asilimia mia moja wanauafiki Mseto. Rais wa Kwanza alisema hakutegemea upendo mkubwa hivyo. Rais wa Kwanza Vilevile alisema yeye alitegemea.

*

Tume ilikuja baada ya miezi minne, saa tano asubuhi, na mwavuli mkubwa mmoja. Wenyeviti walikuwa wawili. Wa Ungo alikuwa mrefu na wa Chekeche mfupi, kwa hiyo mshika mwavuli alikuwa na kazi. Nyuma yao walifuata wale makarani na rejista. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Tindo alisimama mbali, nyuma ya mkokoteni wake.

Mlango wa njano ulikuwa umerudi mahali pake. Fundi alikuwa ameurudisha alfajiri, na sasa alisimama kando, bisibisi mfukoni. Makarani hawakuuliza ule wa Maridhiano umekwenda wapi, kwa kuwa siku hiyo haikuwa ya kusoma.

Mwenyekiti wa Ungo alitia kidole kwenye pigo la kwanza. "Hmm."

Mwenyekiti wa Chekeche alitia cha kwake kwenye la pili. "Kweli kabisa."

Bi Mwanakheri alikuwa amevaa kanga mpya. Macho yake yaliifuata ile mikono miwili. Kitu hicho ndicho alichokingojea, na kwa muda mfupi uso wake ulitulia.

"Mapigo saba," alisoma karani.

"Ya nani?" aliuliza Mwenyekiti wa Ungo. "Maana sisi watu wetu hawawezi kupiga mlango wa njano."

"Mheshimiwa, tusirudi huko," alisema wa Chekeche haraka. "Mkataba unasema nusu kwa nusu."

"Haya. Matatu yetu."

"Matatu yetu."

Wakapeana mikono. Watu walitazamana. Ungo kilikuwa kimekubali mapigo matatu ambayo hakikupiga, na ilionekana kina furaha kuyapata.

"Limebaki moja," alisema karani.

"Ibara ya Tisa," walisema wenyeviti kwa pamoja, na karani akaandika huku akisoma kwa sauti: "*Pigo la saba ni la mwananchi, mwenye nyumba.*"

Bi Mwanakheri hakuelewa mara moja. "La kwangu?"

"Ndiyo, mama. Ni mgawo wa haki."

"Nimeupiga panga mlango wangu?"

"Hakuna aliyesema umepiga, mama. Umepata."

"Na yeye?" Sauti ilianza kupanda. "Aliyekuwa amesimama hapa, yeye yamo wapi ya kwake?"

Mwenyekiti wa Ungo alimtazama mwenzake. Mwenzake alitazama saa.

Ndipo Fundi Mbaruku alipotoka kando. Hakupaza sauti, hakuwa na ya kupaza. Watu ilibidi wanyamaze ili wamsikie.

"La saba niandikeni mimi," alisema.

"Wewe ulipiga?"

"Nilipaka. Shaibu alikuwa Chekeche. Aliagiza zambarau. Mimi ndiye niliyeweka njano, mkono wa kwanza, kwa sababu nyeupe ilikwisha. Aliniomba nimalizie kesho yake, nikamwambia haijakauka. Nilisema siku mbili." Alikuwa akiyasema kwa wenyeviti, lakini alikuwa amemgeukia Bi Mwanakheri. "Hakukuficha kitu, shemeji. Nilikuwa najua siku zote. Nimekuwa nikija hapa, nakunywa chai yako, najua."

Bi Mwanakheri aliushika mlango kwa mkono mmoja.

"Jina?" aliuliza karani wa Ungo, kalamu tayari.

"Mbaruku Feruzi. Fundi rangi. Nyumba ya kumi na nne."

Makarani wakafungua rejista, vidole vikashuka pamoja, vikasimama.

"Kumi na nne ilifutwa. Haikuwa na mlango."

"Kwa hiyo huyu hayupo," alisema Mwenyekiti wa Chekeche.

"Na asiyekuwapo hakusema kitu," alimalizia wa Ungo kwa faraja kubwa. "La saba libaki lilipo. Uchunguzi umekamilika. Sasa mlango huu upakwe mara moja, uko nyuma ya wenzake miezi minne." Kopo la Maridhiano likatolewa chini ya mwavuli pamoja na brashi mpya. "Nani fundi hapa?"

Watu wote walimtazama Fundi Mbaruku.

"Wewe, mzee. Paka."

Fundi aliiangalia ile brashi, akaigusa nywele zake kwa kidole kama afanyavyo fundi yeyote. Ilikuwa brashi nzuri. "Ningepaka, waheshimiwa," alisema, "lakini sipo."

Mama mkaanga mihogo ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Wenyeviti walitaka kukasirika, lakini kila mmoja alimwachia mwenzake aanze. Kisha kila mmoja alimkaribisha mwenzake ashike brashi kwanza. Jua lilikuwa limesimama kichwani. Baada ya kitambo waliliacha kopo kizingitini, wazi, wakaondoka na mwavuli wao. Kufikia alasiri rangi ilikuwa imeota ngozi juu.

*

Watu walipokwisha kutawanyika, Bi Mwanakheri alibaki ameushika mlango vile vile.

"Alikuomba umalizie kesho yake," alisema.

"Aliniomba."

"Ukamwambia siku mbili."

"Siku mbili."

Alipitisha kidole kwenye pigo moja. "Alikuwa mtu wa kukubali kitu upesi," alisema mwishowe. "Nilimwambia mara ngapi." Akaingia ndani, akaufunga mlango. Hakuubamiza wala hakumwambia Fundi akaribie.

Fundi alirudi kwake. Alikaa nyuma ya gunia, daftari mapajani, limefunguka lenyewe kwenye ule ukurasa wa Shaibu. Watu wakipita waliona miguu yake tu. Hakujua kama amefanya vizuri au ameupunguzia moyo wake mzigo kwa kumtwika mwingine. Alilipima hivi na hivi, na halikupimika.

Saa kumi alisikia magurudumu ya mkokoteni. Yakasimama.

"Hodi."

"Karibu, Tindo."

Tindo hakuingia. Chini ya gunia Fundi aliona ndala zake, zimeelekeana vidole. Maneno yote yale ya kila siku hayakuwapo.

"Fundi."

"Naam."

"Pigo la nne ni langu."

Nje mbuzi alipita akilia. Fundi alifunga daftari.

"Ule mlango tu," Tindo alisema. "Yeye sikumgusa, Fundi. Naapa. Nilipiga mlango, nikakimbia. Lakini nilimsikia anasema mkono wa kwanza, mkono wa kwanza. Nikadhani anatutukana."

Fundi aliinua gunia, akatoka. Alimtazama yule kijana kama anavyotazama mbao, bila haraka. "Mimi usiniambie," alisema. "Mimi nilikuwa najua mambo miezi yote hii, na hayakufaa kitu."

"Atanifukuza."

"Huenda."

"Atapiga kelele, watu watakuja."

"Huenda. Twende."

Waliacha mkokoteni barabarani. Walipofika, kopo la Maridhiano lilikuwa bado kizingitini, na mlango wa njano juu yake umefungwa, na mapigo yake saba. Tindo alianza kupinda kuelekea ubavuni, chini ya dirisha, kama alivyozoea. Fundi alimshika kiwiko, akamweka mbele ya mlango, kisha yeye mwenyewe akarudi nyuma hatua tatu.

Tindo aligonga.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani.

Kijana akataja jina lake lote, la kwake, la baba yake, na la babu yake.